Karatasi ya Watu Tisini na Sita

Kiwandani kwetu tulishona mashati. Mimi nilikuwa kwenye kola, mwaka wangu wa kumi na saba, na hadi leo nikikutana na mtu macho yangu huanzia shingoni kabla hayajapanda usoni. Lakini habari hii si yangu. Ni ya mwanamke tuliyemwita Bi Kadi, kwa sababu yeye ndiye aliyetengeneza kadi za kazi tulizovaa kifuani.

Alikuwa na ofisi yake peke yake, na wengine walimwonea wivu kwa hilo. Wivu wa bure. Ofisi yenyewe ilikuwa pembe ya ghala la nyuzi iliyokatwa kwa ubao mwembamba, ukiingia unanusa pamba kabla hujamwona mwenyewe. Mlikuwa na meza, kompyuta, printa kubwa iliyolia kama mbuzi, kiti cha plastiki, na shuka jeupe lililotundikwa ukutani kwa ajili ya kupigia picha. Kila aliyeajiriwa alikaa kwenye kile kiti. Bi Kadi alimwekea mtu kola sawa, akamwambia ainue kidevu, akapiga.

Hakusomea kompyuta. Alianza kama sisi, kwenye mikono ya mashati, hadi siku sindano ya cherehani ilipopita katikati ya kidole chake cha shahada na kutokea upande wa pili. Kidole kilipona lakini kikakakamaa. Wakamhamishia ofisini, wakidhani watamweka hapo kwa muda, naye akakaa miaka tisa.

Aliyemfundisha ni fundi wa kompyuta, mwanamume mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha, aliyekuwa akija mara moja kwa wiki. Siku moja alimkuta akipanga picha za wafanyakazi kwenye ukurasa, moja baada ya nyingine, akiziburuta kwa kipanya. Akisogeza moja, tatu zinahama. Alikuwa kwenye kazi hiyo siku ya pili.

"Mama, unachambua mchele au unapanga picha?" fundi akamuuliza. "Hebu sogea."

Akamfungulia dirisha jeusi, tupu kabisa, lenye alama moja ndogo inayopepesa kama jicho.

"Humu hakuna cha kubonyeza," akamwambia. "Humu unaandika amri, nayo inatii. Unaiambia, chukua picha zote za folda hii, zipange sita kwa upana na nane kwenda chini, zote ziwe na ukubwa mmoja, acha nafasi kidogo katikati, andika jina chini ya kila moja. Basi. Mstari mmoja tu."

Bi Kadi alinisimulia kwamba mara ya kwanza watu wote walitoka na nyuso ndefu kama matango, maana picha zilikuwa na vipimo tofauti na yeye alizilazimisha zitoshe. Mara ya pili nyuso zilikuwa nzuri lakini mpangilio ulivurugika. Wa kwanza alifuatwa na wa kumi, wa kumi na moja, halafu wa mia, ndipo akaja wa pili. Akadhani mashine imeharibika.

"Kompyuta haihesabu, inasoma," fundi alimweleza. "Kwake kumi inaanza na moja, kwa hiyo inakaa jirani na moja. Weka sifuri mbele. Andika sifuri sifuri moja, sifuri sifuri mbili. Na usiache nafasi katikati ya jina la faili, itadhani ni mafaili mawili."

Aliyaandika yote hayo kwenye daftari la jalada gumu. Baada ya mwezi hakulihitaji tena. Tulikuwa watu mia nne na kumi na wawili, naye aliweza kutuweka sote kwenye karatasi tisa kabla chai yake haijapoa. Alivimba kichwa kidogo. Mtu akiingia ofisini alimwita aje aone, akaandika ule mstari, akabonyeza, akakunja mikono kifuani na kusubiri nyuso zetu zitokee safu kwa safu. Sikumlaumu. Sisi wengine kazi yetu iliishia kwenye maboksi, hatukuwahi kuona ikivaliwa.

Mdogo wake naye alifanya kazi palepale, kwenye matundu ya vifungo. Walizaliwa wawili tu kwa mama yao. Yule mdogo alikuwa na mdomo mwepesi na kicheko cha kusikika hadi kwenye meza za pasi, na kila mchana walikula pamoja nyuma ya ghala, kutoka bakuli moja. Hakumwita dada yake Bi Kadi kama sisi. Alimwita Dada, na akitaka kitu alimwita Dada yangu.

Afisa utumishi wa kiwanda tulimwita Bwana Tai. Hakuwahi kuonekana bila tai, hata umeme ulipokatika na joto likatupika kama mikate. Kama ni tai ya shingoni au tai yule ndege, kila mtu alichagua mwenyewe.

Jumanne moja Bwana Tai aliingia ofisini kwa Bi Kadi akiwa na flashi. Ndani yake kulikuwa na orodha ya namba za wafanyakazi, tisini na sita, na kando ya kila namba miaka ya mtu kazini.

"Nitengenezee karatasi moja kubwa ya hawa," akamwambia. "Waanze wa zamani zaidi."

Bi Kadi alipiga hesabu kichwani. Kumi na wawili kwa upana, wanane kwenda chini, inatoka sawasawa bila nafasi tupu hata moja. Akafungua orodha. Wa kwanza alikuwa mzee wa meza ya kukata, miaka ishirini na mitatu. Mimi nilikuwa safu ya pili. Mdogo wake alikuwa karibu na mwisho, miaka kumi na moja.

"Hawa ni watu wa muda mrefu," akasema. "Ni zawadi?"

Bwana Tai akacheka. "Wewe fanya kazi. Mshangao mtamu usiuharibu."

Ili watoke kwa mpangilio ule, aliyabadilisha majina ya picha zetu, kila jina likaanza na idadi ya miaka. Akaandika mstari wake, akiuamuru uanze na namba kubwa, akabonyeza, tukatokea. Alisema aliitazama ile karatasi kwenye skrini mpaka macho yakamlowa. Wengi wetu aliwahi kukaa nao kwenye cherehani.

Aliambiwa asiseme, naye alijitahidi hadi mchana wa siku ya pili. Kwenye bakuli akamnong'oneza mdogo wake, na ukimnong'oneza yule umetangaza. Kabla ya kengele ya jioni mstari wote wa cherehani ulijua kwamba watu wa zamani watatunukiwa. Mimi nilikwenda kusuka. Mzee wa meza ya kukata alinunua viatu.

Jambo moja hatukulijua wakati ule. Mdogo wake alikuwa ameitwa kwingine. Kulikuwa na karakana ndogo ya sare za shule, mwenye nayo akimtaka awe msimamizi wa washonaji wanane, naye alipewa hadi Jumapili atoe jibu. Akamuuliza dada yake.

"Usiwe na haraka," Bi Kadi akamwambia. "Miaka kumi na moja umeila sindano, sasa unataka kuondoka wiki wanayotaka kukuheshimu? Subiri uone."

Akasubiri. Jumapili jioni alimpigia simu mwenye karakana, akamshukuru, akakataa.

Jumatatu asubuhi tulifika langoni tukakuta foleni imesimama. Walinzi walikuwa wanne badala ya wawili. Kwenye ukuta wa kibanda chao ilibandikwa karatasi kubwa inayong'aa, na juu yake nyuso zetu tisini na sita, kumi na wawili kwa upana, wanane kwenda chini, kila mmoja na jina lake. Mlinzi alimtazama mtu, akatazama karatasi, akatazama tena mtu.

"Wewe pita. Wewe pita. Wewe kaa pembeni."

Nilidhani pembeni ndiko kwenye sherehe. Nilijiweka sawa nywele. Mzee wa meza ya kukata alikuwa tayari amesimama huko na viatu vyake vipya, akitabasamu. Kisha akatoka karani na bahasha. Barua ilikuwa fupi. Ilisema tumeachishwa kazi kuanzia siku hiyo kwa sababu ya utendaji usioridhisha, na vitu vyetu tutaletewa nje.

Kuna aliyekaa chini pale vumbini. Mdogo wake Bi Kadi hakukaa, alikwenda hadi kwenye karatasi, akaweka kidole kwenye picha yake. Ilikuwa picha nzuri, ameinua kidevu, kola imenyooka. Wakati huohuo Bi Kadi alifika kazini. Yeye hakuwamo kwenye karatasi, maana miaka yake ya ofisini ilihesabiwa upya alipohamishwa. Mlinzi akamwambia, "Wewe pita."

Ndipo tukamgeukia. Sitajificha, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Nilimwita mnafiki. Nilimwambia ametupanga kama samaki wa mnadani ili wachaguliwe wa kutupwa. Alisimama kafumbata mkoba, akirudia jambo moja tu. "Sikujua. Wallahi sikujua." Mdogo wake ndiye aliyetunyamazisha.

"Muacheni," akasema. "Wamemdanganya. Dada hawezi." Akamshika mkono, akamwambia apite aingie kazini, angalau mmoja wao abaki na mkate.

Akapita. Alinieleza baadaye kwamba hatua zile, kutoka langoni hadi ghalani, zilikuwa ndefu kuliko miaka yote tisa. Bwana Tai alimkuta amekaa mbele ya kompyuta ambayo hajaiwasha. Akampongeza kwa kazi safi. Akamwambia nyuso zinaonekana vizuri hata kwa mbali.

Tulipeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi wa kazi. Kampuni ilijibu kwamba kila mmoja wetu alipimwa kwa kazi yake, tukaonekana wazembe, na umri wa ajira haukuhusika kabisa. Tulijua ni uongo, lakini kujua na kuthibitisha ni vitu viwili. Karatasi ya langoni ilishabanduliwa. Mwakilishi wetu, mwanamke wa pasi aliyejitwisha kazi hiyo bila kuombwa, alizunguka miezi mitatu akitafuta hata kipande.

Siku moja Bi Kadi alimfuata nyumbani kwake na bahasha chini ya kanga. Lile dirisha jeusi lilikuwa halisahau. Ukibonyeza mshale wa juu linakurudishia amri uliyoandika jana, ukibonyeza tena linakurudishia ya juzi, na kumbukumbu zote hukaa kwenye faili moja na tarehe zake. Alikuwa ameichapisha ile faili. Alichapisha pia orodha ya Bwana Tai, na majina ya picha zetu jinsi alivyoyabadilisha, ishirini na tatu mbele, kumi na moja nyuma. Mtoto wa shule angeona kwamba tulichaguliwa kwa miaka.

"Utamwaga unga," mwakilishi alimwambia.

"Najua."

"Na utasimama mwenyewe useme?"

"Nitasimama."

Chumba cha baraza kilikuwa kidogo, chenye feni moja inayozunguka bila kupunguza joto. Sisi tulijaa nyuma, wengine wamesimama. Mdogo wake alikaa mstari wa mbele ili dada yake amwone na kupata nguvu. Alikuwa amemfungia hata chupa ya maji. Bi Kadi alitoa maelezo yake vizuri, polepole, akamweleza mwenyekiti jinsi amri inavyoandikwa, kwa nini miaka ilitangulia kwenye majina, na nani alimpa orodha. Tuliona mwenyekiti akiandika. Tulianza kugusana viwiko.

Kisha wakili wa kampuni akasimama. Alikuwa kijana mpole, sauti haipandi.

"Mama, unasema ulidhani ni zawadi."

"Ndiyo."

"Hizi kumbukumbu umezileta mwenyewe, sisi hatukukulazimisha. Ukurasa wa pili, mstari wa tano kutoka chini. Hiyo ni amri ya siku gani?"

Bi Kadi hakutazama karatasi. "Jumamosi."

"Jumamosi kabla ya Jumatatu ya barua. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilirudia karatasi. Niliambiwa nikuze majina yasomeke mtu akiwa amesimama."

"Nakala ngapi?"

"Nne."

"Za nani?"

Feni ikazunguka. "Za walinzi."

"Kila faili unayotengeneza lazima uipe jina. Hii uliipa jina gani?"

Mwenyekiti aliinua kichwa kutoka kwenye maandishi yake.

"Lango," akasema. "Niliiita lango."

"Kwa hiyo Jumamosi ulijua karatasi inakwenda langoni kwa walinzi. Bado ulidhani ni zawadi?"

"Nilijiambia labda watawapokea kwa heshima. Watafunguliwa lango." Akaigeuza karatasi kifudifudi. "Nilijiambia hivyo. Lakini sikulala."

"Ulimwambia mtu yeyote?"

"Hapana."

Wakili akakaa. Alitaka kuonyesha kwamba shahidi ni mwongo, akaishia kuonyesha kwamba ni mkweli, na baadaye mwenyekiti alilisema hilo katika uamuzi wake. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa akimfikiria mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mdogo wake. Nilimwona akihesabu kwa vidole juu ya goti, Jumamosi, Jumapili. Jumapili jioni ndipo alipopiga simu karakana. Alisimama, akapita katikati ya watu, akatoka. Chupa ya maji aliiacha kwenye benchi.

Tulishinda, kama kule ni kushinda. Baraza lilisema tuliachishwa kinyume cha utaratibu na wanaotaka warudishwe. Hadi uamuzi unatoka ulikuwa umepita mwaka na zaidi, wengi wameshatawanyika. Tulirudi thelathini na kitu, kwa mkataba mpya, tukaandikwa kama wageni. Mzee wa meza ya kukata alifariki kabla. Mimi nilirudishiwa kola zangu na msimamizi ambaye nilimfundisha kushika mkasi. Bwana Tai alihamishiwa kiwanda kingine cha kampuni hiyohiyo, tukasikia kwa cheo kikubwa zaidi. Bi Kadi alifukuzwa siku ileile aliyotoa ushahidi, kwa kosa la kutoa siri za ofisi, na langoni walinzi walipewa picha yake.

Mdogo wake hakurudi kiwandani. Karakana ya sare ilishapata msimamizi mwingine. Alifanya vibarua vya kufua, halafu akapata cherehani ya mkopo, akahamia upande mwingine wa mji.

Siku moja nilimuuliza Bi Kadi kwa nini hakuufuta mstari ule. Zilikuwa kurasa tatu za amri, nani angejua kama mmoja haupo? Sasa anafanya kazi kwenye duka la fotokopi, nyuma ya kaunta ya kioo, anapanga picha za pasipoti nane nane kwenye karatasi.

"Nilifikiria," akasema. "Niliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Lakini mistari ina namba. Ningetoa mmoja wangesema nimechezea yote, na ninyi mngekosa kila kitu."

"Ungemwambia mdogo wako kwanza. Kabla ya baraza."

"Ningemwambia nini? Kwamba nilijua nikanyamaza kwa sababu niliogopa kumuuliza mwanamume mwenye tai? Kila siku nilisema kesho." Alikata karatasi kwa kisu cha kukatia, akazipanga zile picha nane kwenye bahasha ya mteja. "Ulinitukana langoni, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nisamehe."

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu na ukweli siku ile," akasema.

Mama yao bado yu hai. Huwatembelea wote wawili, wiki huku, wiki kule, na mfuko wake wa nguo. Nilikuwapo dukani alipoingia, akaketi kwenye kiti cha wateja akipunga leso.

"Mwenzako anakusalimia," akamwambia Bi Kadi. "Anasema ana kazi nyingi, akipata nafasi atakuja."

"Mrudishie salamu, mama. Mwambie na mimi niko salama."

"Nitamwambia."

Mama alipotoka kwenda msalani, Bi Kadi aliinamia kaunta akafuta kioo palipokuwa pasafi. "Kila wiki maneno ni yaleyale," akasema. "Hata hayapangi upya. Wewe hupita upande ule, hujamwona?"

Nilimwona, mwezi uliotangulia, kwenye kibaraza cha duka, amekaa nyuma ya cherehani na tepu shingoni. Tuliongea vizuri, tukacheka, kile kicheko kimepungua lakini kipo. Nilipoaga nikamwambia, dada yako anakukumbuka sana. Aliingiza uzi kwenye sindano, akaukata kwa meno.

"Dada yupi?" akaniuliza.

Nikamjibu Bi Kadi kwamba nimemwona, ni mzima, ana wateja. Alisubiri niongeze. Nikamwomba anipige picha, nilikuwa nahitaji nane za kadi mpya ya kazi.